Fujo ya Nyumbani Hulipwa na Nani?

Watu wengi wanaoichunguza dini huuliza juu ya Sala, Saumu, Pepo na Jahannam. Ni wachache waulizao: Je, dini ina neno gani juu ya nyumba yenye watoto watano, baba na mama wanaotoka asubuhi kwenda kazini, maji ya kuteka, sare za kufua na chakula cha kupika? Hudhani kuwa hayo ni mambo ya dunia tu, na kila mtu ayatengeneze apendavyo. Islam haikubali mgawanyo huo. Utaratibu wa nyumbani si jambo la unadhifu tu, bali ni jambo la haki. Na nyumba isiyo na utaratibu, ijapokuwa wakaaji wake ni watu wema, humdhulumu mtu bila wao kutambua.

Hebu tufikiri. Asubuhi katika nyumba ya namna hiyo kiatu cha mtoto hakionekani, ufunguo umepotea, nauli haikuwekwa, na mtungi ni mtupu tangu jana. Kazi hizo hazitoweki kwa sababu hazikupangiwa mtu. Lazima zifanywe, na atakayezifanya ni yule asiyeweza kukataa. Mara nyingi huyo ni mama aliyekwisha choka. Au ni binti mkubwa, afikaye shuleni kengele imekwisha lia. Au ni mtumishi, alalaye wa mwisho na kuamka wa kwanza. Baba huondoka akiona kuwa nyumba yake inakwenda vizuri. Naam, inakwenda, lakini inakwenda juu ya mgongo wa mtu mmoja. Basi swali la kweli si nani mvivu na nani hodari. Swali ni hili: gharama ya fujo yetu hulipwa na nani?

Tukiitazama Kurani Tukufu tunaona kuwa Mwenyezi Mungu hakuyadharau mambo ya ndani ya nyumba. Katika Sura An-Nur, aya ya 59, watumishi na watoto wasiobaleghe wameamrishwa kuomba ruhusa kabla ya kuingia kwa wakubwa katika nyakati tatu: kabla ya Sala ya alfajiri, wakati wa mapumziko ya adhuhuri, na baada ya Sala ya isha. Tazama jinsi siku ya nyumbani ilivyogawanywa kwa nyakati za Sala, na jinsi hata mtoto mdogo alivyopewa sehemu yake katika utaratibu huo. Tena katika Sura Al-Baqara, aya ya 234, mama na baba wakitaka kumwachisha mtoto ziwa, wanatakiwa wafanye hivyo kwa kuridhiana na kushauriana. Ikiwa jambo la maziwa ya mtoto mchanga halifai kuamuliwa na mmoja peke yake, sembuse kazi zinazoichukua siku nzima ya mtu?

Kisha tumtazame Mtume Mtukufu Muhammad (s.a.w.). Alikuwa mtawala, hakimu na imamu, na wajumbe wa makabila walikuwa wakimjia. Hakuna mtu wa zama zetu awezaye kusema kuwa ana shughuli kumzidi yeye. Hata hivyo Bibi Aisha (r.a.) alipoulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani, alieleza kuwa alikuwa akiwasaidia watu wa nyumbani kwake katika kazi zao, na wakati wa Sala ulipofika akatoka kwenda kusali. Katika habari hiyo mna mambo mawili: alitoa mkono wake katika kazi, na Sala ilikuwa na wakati wake usiochezewa. Huo ndio utaratibu.

Huenda mtu akasema: “Mimi nimejitoa kwa kazi ya dini, mambo ya nyumbani ninamwachia mke wangu.” Neno hili hupendeza masikioni, hasa kwa ndugu aliyeingia katika Islam karibuni na ambaye moyo wake unawaka kwa bidii. Lakini lilikwisha jibiwa zamani. Imepokewa katika Sahih Bukhari kwamba Salman (r.a.) alimzuru ndugu yake Abu Darda (r.a.), akamkuta mkewe amevaa nguo chakavu, kwani mumewe alikuwa akifunga mchana na kusali usiku, wala hakuwa na haja na mengineyo. Salman alimfanya ale, akamzuia asiamke mapema mno, na karibu na mwisho wa usiku wakasali pamoja. Akamkumbusha kuwa Mola wake ana haki juu yake, nafsi yake ina haki, na watu wa nyumbani kwake wana haki; basi ampe kila mwenye haki haki yake. Mtume (s.a.w.) aliposikia habari hiyo alisema kuwa Salman amesema kweli.

Seyidna Ahmad (a.s.), Masihi Aliyeahidiwa, naye katika kitabu chake Kishti Nuh cha mwaka 1902 alitangaza kuwa asiyemtendea mkewe na jamaa za mkewe kwa upole na wema si katika Jumuiya yake. Vijana wetu wa Khuddamul Ahmadiyya, chama kilichoundwa mwaka 1938, wanaijua sana kazi ya Waqar-i-Amal, yaani kufanya kazi za mikono bila kuona aibu. Ni jambo zuri kuona kijana akifagia njia ya msikiti. Lakini kijana huyo akirudi nyumbani na kumwachia dada yake kikombe alichonywea, je, amejifunza heshima ya kazi, au amejifunza kutazamwa na watu?

Wengine wataogopa kuwa utaratibu utaigeuza nyumba kuwa kambi ya askari. Hofu hiyo ina msingi ikiwa utaratibu ni amri za mtu mmoja. Ukitokana na mashauri, huleta raha, kwa maana kila mmoja anajua zamu yake inapokwisha, na hata mama hupata saa ya kusoma Kurani au kupumzika.

Basi inafaa kuanza kwa machache. Baada ya isha, sare, nauli na maji ya kesho yawekwe tayari, ili alfajiri iwe ya Sala na si ya kutafuta viatu. Mara moja kwa juma jamaa wote wakae pamoja, kazi zitajwe moja moja, na wavulana wapewe sehemu yao kama wasichana. Maana kidole kimoja hakivunji chawa. Na matumizi yaandikwe, kwani mali bila daftari hupotea bila habari.

Ndugu msomaji, jamaa zako ambao bado hawajaikubali Islam huenda wasisome vitabu vyetu. Lakini nyumba yako wanaiona kila siku. Wakikuta humo hakuna aliyeelemewa ili wengine wastarehe, watakuwa wameona hoja isiyohitaji mhubiri. Mwenyezi Mungu atuwezeshe kumpa kila mwenye haki haki yake. Amin.