Gia Namba Mbili

Kuna swali moja ambalo wapenda falsafa hulichezea sana, na mimi nililichezea kama wao mpaka siku lilipomvunja mdogo wangu mtulinga.

Swali lenyewe ni la zamani. Plutarch anasimulia kwamba Waathene waliitunza meli ya shujaa wao Theseus kwa kung'oa mbao zilizooza na kuweka mpya, mpaka wasomi wakaanza kubishana: hii bado ni meli ileile, au ni nyingine? Karne ya 17 akaja Hobbes, Mwingereza, akaongeza pilipili. Je, mtu akiziokota zile mbao kuukuu akaziunga upya, ipi sasa ndiyo meli ya Theseus? Kwetu swali hili halihitaji bahari. Kuna jembe la babu lililobadilishwa mpini mara tatu na bapa mara mbili, na bado linaitwa jembe la babu, na hakuna anayekosa usingizi.

Mimi nilikuwa na Land Rover ya Mzee.

Ilikuwa Series III, ile ndefu tunayoiita 109, ya mwaka 1979. Mzee alikuwa mwalimu, akainunua mnadani ikiwa imeshachoka, akaiweka uani kwetu Kihesa, Iringa, na kuanzia siku ile akaitunzia daftari. Daftari kubwa la kaunta, jalada gumu, likikaa chini ya kiti cha dereva ndani ya mfuko wa nailoni. Kila bushi iliyobadilishwa imo. Kila lita ya oili imo. Na nyuma, kurasa za mwisho, aliandika namna ya kuliendesha lile gari, barabara kwa barabara, kama mtu anayeandika wosia. Kuhusu mlima Kitonga aliandika hivi: "Gia namba mbili tangu juu kabisa. Usipande gia. Breki ni ya kusaidia tu, injini ndiyo ikushikilie."

Mzee alipofariki, gari lilikuja kwangu Mbeya. Injini ilikuwa dizeli ya sentimita za ujazo 2,286, na kusema kweli ilikuwa imekwisha. Moshi mweusi, oili inavuja, mlima wa Igawa kwenda Makambako unapitwa na malori yenye shehena. Mke wangu aliniambia niuze skrepa. Sikuweza. Nikaamua kulifufua.

Gereji ilikuwa Mafiati. Msomaji asiyeijua Mbeya huenda akajiuliza jina hili limetoka wapi. Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru wao, njia ya Zambia kupata mafuta kupitia kusini ikabanwa, na mzigo ukahamia kwenye barabara yetu hii ya Dar es Salaam kwenda Zambia, wakati huo ikiwa ya vumbi na tope. Mwaka 1966 ikaundwa kampuni ya Tanzania na Zambia ya kusafirisha mizigo, Waitaliano wakiwemo kama wabia, na malori yake yalikuwa Fiat. Malori yamekwisha siku nyingi. Jina limebaki. Weka kumbukumbu hiyo pembeni, nitairudia.

Fundi alikuwa mzee wa Kinyakyusa mwenye maneno machache. Tulikubaliana hivi: injini ya Toyota 3L, dizeli ya sentimita za ujazo 2,779, pamoja na giaboksi yake ya gia tano. Transifa ibaki ya Land Rover, na mtu wa kukereza vyuma achonge sahani ya kuunganisha viwili hivyo. Difu tutoe za zamani, tuweke za Range Rover iliyokuwa imechinjwa pale pale gereji. Difu za zamani zilitaka propela shafti izunguke mara 4.7 ili tairi lizunguke mara moja. Hizi mpya mara 3.54 tu. Maana yake gari litakimbia bila injini kupiga kelele. Halafu springi: tukaongeza majani nyuma, tukaweka na shokapu mpya nne. Zamani nikipakia gunia nane za viazi gari linakaa chini nyuma kama kuku anayetaka kutaga. Sasa gunia kumi na tatu zinaingia, na gari limesimama kifua mbele.

Breki sikugusa. Zilikuwa ngoma zilezile alizoziacha Mzee, zilizosafishwa na kuwekewa laini mpya. Hela ilikuwa imekwisha, na breki hazikuwa na kosa lolote.

Siku ya kukabidhiwa, fundi alifuta mikono kwa kitambaa akaniambia, "Bosi, hili sasa ni gari jingine. Ulizoee upya. Na ukimpa mtu, mwambie."

Nikacheka. Nilimpa hata hadithi ya meli ya Theseus, maana ndivyo tulivyo sisi wasoma vitabu. Nikamwambia, "Fundi, bodi ni ileile, chesisi ni ileile, kadi ni ileile. Gari ni lilelile." Yeye hakubisha. Alikunja kitambaa chake.

Lile la kadi nalo halikuwa sawa. Kadi ya gari huandikwa namba ya chesisi na namba ya injini, na ukibadili injini unatakiwa upeleke taarifa TRA ili kadi irekebishwe. Nilijua. Nilisema nitakwenda wiki ijayo. Na daftari la Mzee sikuandika kitu. Kalamu nilikuwa nayo, lakini kila nilipolifungua na kuuona mwandiko wake niliona kama nitamkata kauli.

Miezi mitatu baadaye mdogo wangu aliliomba gari. Yeye anakaa Iringa, na alikuwa na biashara ya viazi kuteremsha Ruaha Mbuyuni na kurudi na vitunguu. Nikampelekea mwenyewe, zaidi ya kilomita mia tatu, nikifurahia njia nzima jinsi gari linavyoukata uwanda wa Usangu. Nilipomkabidhi ufunguo aliuliza swali moja tu: "Braza, hili gari liko vilevile?" Nikamjibu, "Lilelile. Limepata nguvu tu."

Yeye kalijua gari hilo tangu akiwa mtoto. Na daftari analijua kwa moyo. Alipofika juu ya Kitonga, na gunia zake kumi na tatu, alifanya sawasawa na maandishi: gia namba mbili tangu juu kabisa.

Hapa inabidi nieleze kidogo. Ukiteremka na gia nzito, matairi ndiyo yanayoisukuma injini izunguke haraka, na injini inakataa, na kule kukataa ndiko kunakolizuia gari. Lakini kwa giaboksi mpya na difu mpya, gia ya pili ya sasa ilikuwa inakaribia gia ya tatu ya zamani. Namba ni ileile kwenye kichwa cha gia, ila nguvu ya kushikilia haipo. Mdogo wangu akajikuta anasaidia kwa breki. Akasaidia tena. Zile ngoma zikapata moto, na breki ya ngoma ikishapata moto mguu unazama bila kitu. Na mzigo ulikuwa mkubwa kuliko gari lile lilivyowahi kubeba, lakini gari halikumwambia. Zamani lingelalamika, lingekaa chini, angeogopa mapema. Springi zangu mpya zililinyamazisha.

Alifanya jambo la busara: aliliegemeza kwenye ukuta wa mlima badala ya kuliacha liende bondeni. Aliyeumia ni yeye peke yake. Kitonga ina kona nyingi, na magari huwa hayakatiki pale. Hilo la kwamba alikuwa peke yake nalifikiria zaidi kuliko mtulinga.

Hospitali, akiwa amefungwa bega, hakunigombeza. Alisema, "Ungeniambia tu, kaka."

Tangu siku hiyo nimeacha kuliona swali la meli kama fumbo la kustarehesha akili. Wanafalsafa wameligeuza kila upande: kama kitu ni vipande vyake, basi meli si ileile; kama kitu ni umbo lake, basi ni ileile. Mabishano hayo yanamwangalia Theseus na mbao zake. Hayamwangalii baharia atakayepanda kesho.

Nadhani sasa kwamba neno "lilelile" halielezi kitu tu. Linatoa ruhusa. Nikikwambia gari ni lilelile, nakuruhusu uhamishe kila ulichokuwa unakijua juu ya gari la jana ukitumie juu ya gari la leo: gia yake, mzigo wake, breki zake. Nakwambia imani yako ya zamani bado inafaa. Kumbe kwa gari langu jibu halikuwa ndiyo wala hapana. Kwa mama yangu, anayetaka kuona bodi ya kijani aliyopandia siku ya harusi ya dada, lilikuwa lilelile kabisa, na sikumdanganya. Kwa mtu wa kuteremka nalo Kitonga lilikuwa gari jingine. Nilitumia jibu la mama kumjibu dereva.

Ndiyo maana jina la Mafiati halimdhuru mtu. Limebaki baada ya malori kuondoka, lakini hakuna anayeshuka pale akitegemea kupata Fiat. Jina lisilotegemewa na mtu linaweza kubaki hata kama kilichobebwa nalo kimekwisha. "Land Rover ya Mzee" lilikuwa linategemewa.

Unaweza kunipinga: je, si suala la taarifa tu? Kubadilika kwa gari ni jambo moja, kutoa habari ni jingine, usiyachanganye. Nimelifikiria hilo, na kilichonizuia kulikubali kipo kilomita chache kutoka Iringa mjini, Kalenga. Pale limehifadhiwa fuvu la Mtwa Mkwawa. Alikufa mwaka 1898, na kichwa chake kikachukuliwa na Wajerumani. Mkataba wa Versailles wa 1919, kifungu cha 246, uliwataka wakirudishe. Fuvu lilirudi tarehe 19 Juni 1954, baada ya Gavana Twining kwenda Bremen na kulichagua kati ya mafuvu mengi ya makumbusho, kwa kulinganisha vipimo na vya watu wa ukoo wake. Tangu hapo wapo waliotilia shaka kama ndilo.

Fikiria tofauti hiyo. Fuvu halikubadilishwa kipande hata kimoja. Mfupa haukuongezwa wala kupunguzwa. Kilichokatika ni maelezo: nani alilichukua, akampa nani, likakaa wapi. Maelezo yalipokatika, kitu kisichobadilika kikageuka kuwa swali. Na jembe la babu, lililobadilika lote, halina swali, kwa sababu kila mpini uliwekwa mbele ya watu na kila mtu anakumbuka. Kwa hiyo taarifa si kitu cha pembeni kinachokuja baada ya kitu chenyewe kubaki au kubadilika. Kwa vitu tunavyoviegemea, masimulizi ya kweli ya mabadiliko ndiyo uzi unaokishona kitu cha jana na cha leo. Nilipobadilisha injini sikuliua gari la Mzee. Nililiua nilipokaa kimya.

Mzee alilijua hili bila Plutarch. Yeye mwenyewe alibadilisha mambo mengi katika gari lile: klachi, ngoma za breki, bodi ya nyuma, hata giaboksi mara moja. Lakini kila alipobadilisha aliandika, na alipoona kwamba mabadiliko yanagusa uendeshaji, alirudi kurasa za nyuma akarekebisha. Nimezihesabu sehemu alizofuta na kuandika upya: kumi na moja. Mimi niliyeogopa kumkata kauli sikuona kwamba yeye alijikata kauli mara kumi na moja. Heshima yangu kwa mwandiko wake ilikuwa uvivu uliovaa kanzu.

Gari limetengenezwa tena. Safari hii nilianza na breki, na hela iliyobaki ndiyo ikaenda kwenye bodi. Nimekwenda TRA, kadi ina namba ya injini mpya. Fundi nilimfuata nikamwomba radhi. Aliniuliza tu bega la kijana linaendeleaje.

Daftari tuliliandika pamoja, mimi na mdogo wangu, uani Kihesa, yeye akiwa bado hawezi kunyanyua mkono juu. Ukurasa wa Kitonga sikuuchana. Chini ya mstari wa Mzee niliweka tarehe, nikaandika: "Injini, giaboksi na difu zimebadilishwa. Gia namba mbili haitoshi tena. Anza na namba moja." Nikafikiri nimemaliza. Mdogo wangu akaichukua kalamu kwa mkono wake mzima, akaongeza kwa mwandiko uliopinda: "Na usidanganywe na springi. Gunia nane."