Nyumba ya mayatima inauzwa kwa idhini ya nani?

Mtume wa Allah (s.a.w.) alipoingia Madina mwaka 622, ngamia wake alipiga magoti kwenye uwanja wa kukaushia tende. Uwanja ule ulikuwa mali ya mayatima wawili, Sahl na Suhayl, waliokuwa wakilelewa na As'ad bin Zurara (r.a.). Mtume akawaita, akataka wamuuzie ili ajenge msikiti. Wale vijana wakasema hawataki bei, wanautoa bure. Akakataa kuupokea hivyo mpaka akaununua. Tukio hili amelipokea Imamu Bukhari.

Ndugu msomaji, zingatia. Mnunuzi ni Mtume, kinachojengwa ni msikiti, na wenye mali wametamka kwa vinywa vyao kuwa wameridhia. Bado hakuichukua mali ya yatima bila ya thamani yake.

Sasa tazama yanayotendeka Kariakoo, Ilala na Magomeni. Baba akifariki, arobaini haijafika, dalali ameshapita kuipima nyumba kwa macho. Ile nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita na uani, aliyoijenga babu kwa mshahara wa bandarini, leo ni kiwanja cha ghorofa. Kikao cha ukoo kinaitishwa, muhtasari unaandikwa, na baba mdogo anasaini kwa niaba ya wale wadogo. Msimamizi wa mirathi anateuliwa Mahakama ya Mwanzo, nyumba inauzwa. Mjane anaambiwa: “Mama usiwe na wasiwasi, hawa wadogo zetu tutawasomesha sisi.” Fungu lao halitajwi kabisa.

Basi tulitaje. Chukua mfano wa marehemu aliyeacha mke mmoja, watoto wawili wa kiume watu wazima, mmoja wa kiume mdogo na wasichana wawili wadogo. Tuseme madeni yamelipwa, wasia haupo, na nyumba imeuzwa shilingi milioni 400. Mke ana thumuni, yaani milioni 50. Zinabaki milioni 350, zinagawanywa mafungu manane: kila mwanamume mawili, kila msichana moja. Kila mwanamume atapata milioni 87 na nusu, kila msichana milioni 43 na laki saba na nusu. Jumlisha ya wale wadogo watatu: milioni 175. Mafungu ya kaka wawili wakubwa yakiunganishwa nayo ni milioni 175. Wanaoambiwa “tutawasomesha” wana mali sawa na hao wanaojifanya wafadhili wao! Ada ya shule inayotoka hapo inalipwa na mtoto mwenyewe.

Nani basi mwenye haki ya kuuza sehemu ya mtoto? Katika madhehebu ya Imamu Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu, msimamizi wa mali ya mtoto ni baba, kisha babu mzaa baba, kisha wasii aliyeteuliwa, kisha kadhi. Baba mdogo hayumo. Kaka mkubwa hayumo. Udugu peke yake unampa mtu wajibu wa kuhurumia, haumpi kalamu ya kuuza. Hata mama, kwa kauli yenye nguvu katika madhehebu, haupati usimamizi huo kwa umama wake tu, lakini anaweza kuteuliwa kuwa wasii, na Imamu Nawawi ameeleza kuwa akitimiza masharti yeye anastahiki kuliko wengine. Wangapi kati yetu tumeandika hilo kabla ya kulala usiku?

Na huyo mwenye haki naye hakuachiwa huru. Nyumba au ardhi ya mtoto haiuzwi ila kwa moja ya mambo mawili. La kwanza ni haja: mtoto hana chakula, mavazi wala matibabu, na hakuna mali nyingine. La pili ni maslahi ya wazi, kama vile kupatikana mnunuzi anayetoa bei inayozidi thamani ya soko, na sehemu ya fedha hizo ikaweza kununua nyumba nyingine mfano wa ile. Kaka kutaka mtaji wa duka si haja ya mtoto. Na wasii haruhusiwi kujiuzia mwenyewe.

Wapo watakaosema nyumba imechakaa, kodi haitoshi hata kuziba paa, na warithi wakubwa nao wana haki yao. Ni kweli, na sheria haimfungi mtu mzima asiuze fungu lake. Auze lake. Na kama hakuna njia ila nyumba yote iuzwe, huenda ikawa ndiyo maslahi, lakini hapo fungu la watoto linunue nyumba nyingine, Mbagala au Chanika, kwa majina yao, siku zile zile. Fedha taslimu mkononi mwa mjomba anayeendesha daladala haina umri mrefu.

Tukiwa hapo hapo, niseme na la hitima. Ng'ombe wa arobaini na magunia ya mchele yakitolewa katika tirka kabla ya kugawanywa, na kuna warithi wadogo, wanazuoni wamelikataza hilo, kwa kuwa mtoto hana uwezo wa kutoa sadaka mali yake. Tunakula pilau, tunanawa, tunaomba dua. Suratun-Nisaa, aya ya 10, inatueleza ni kitu gani hasa kimeingia matumboni.

Tanzania Bara, ambako kadhi hana mamlaka ya kisheria juu ya mirathi, mlango uliopo ni mahakama. Msimamizi wa mirathi si mwenye mali. Kanuni za Mahakama ya Mwanzo zinamtaka awasilishe orodha ya mali na hesabu ndani ya miezi minne, na mrithi yeyote anaweza kumlalamikia. Mama mwenye mashaka asingoje kuona tingatinga: aende na nakala ya muhtasari na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, aombe fungu lao litajwe kwa maandishi. Nyumba ikiwa na hati, anaweza kuweka zuio kwa Msajili wa Hati. Zanzibar ipo Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana.

Mnunuzi naye asijifiche nyuma ya dalali. Kabla hujalipa, uliza marehemu aliacha watoto wangapi na wana umri gani. Mafakihi wa Kishafi wamesema mtoto akishabaleghe na kuwa na akili ya mali, akadai kuwa wasii aliuza nyumba yake bila ya maslahi, basi kauli inayochukuliwa ni ya yule mtoto, kwa kiapo chake. Wasii ndiye atakayetakiwa kuleta ushahidi, na kijana wa miaka kumi leo hahitaji kungoja muda mrefu kufika umri huo.