Alama ya Kidole ni Amana

Ndugu zetu, wako watu wadhanio kuwa siri ni haja ya mwenye kosa tu. Na watazame Garissa. Kambi za Dadaab zilifunguliwa mwaka 1991, na siku za ukame baadhi ya Wakenya, jirani za kambi hizo, walijiandikisha humo wapate posho. Wengine waliandikishwa na wazee wao wangali wadogo. Alama za vidole vyao zikatiwa katika kompyuta. Walipokwenda baadaye kuomba kitambulisho, kompyuta ikajibu kuwa hao ni wakimbizi. Na asiye na kitambulisho hapati pasi, na kazi huwa taabu kuipata.

Twauliza: kosa ni la nani? Mwenye njaa alitoa kidole apate unga. Hakuuza uraia wake. Tuonavyo sisi, habari za mtu ni amana: hutumiwa kwa jambo lile zilizotolewa kwalo, na zikikosewa husahihishwa. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 yasema vivyo hivyo. Basi kila tuombwapo kidole au namba, na tuulize kwanza: ni ya nini, itakaa kwa nani, na hata lini? Kuuliza si ukaidi. Ni kuhifadhi haki.