Hukumu ya Dau Dogo

Kamari ina aibu zake, na insha hii haikusudii kuzifunika. Lakini katika poka, mchezo wa karata uliostawi Marekani katika karne ya 19, limo swali lifaalo kuulizwa hata na mtu asiyecheza kamari: uamuzi hupimwa kwa sababu zake au kwa matokeo yake?

Tuchukue namna ya poka iitwayo Texas Hold'em. Mchezaji ana karata 2 mkononi, 4 zimefunuliwa mezani, imesalia 1. Katika hizo 6, 4 ni kopa. Akipata kopa ya tano yamkini atashinda. Akiikosa hana kitu. Karata asizoziona ni 46, na kopa zilizomo ni 9. Basi nafasi yake ni kama moja katika tano. Kitita kina senti 40. Mpinzani akiongeza 10, katika majaribio matano mchezaji hupoteza 10 mara nne na kupata 50 mara moja: kuitikia dau ni busara. Mpinzani akiongeza 40, atapoteza 160 ili apate 80: heri kutupa karata. Hesabu ya namna hii ilipata msingi mwaka 1654, Wafaransa Blaise Pascal na Pierre de Fermat walipoandikiana barua juu ya kugawa dau la mchezo uliokatizwa.

Hesabu ni nyepesi; kuitii ndiko kuzito. Dau likiwa dogo mtu hujiambia, "Ni senti tu," akaitikia. Kwa senti hizo amenunua shibe ya udadisi wake, au kinga ya kuitwa mwoga. Dau kubwa lingemzuia kwa hofu, na hofu ingedhaniwa kuwa busara. Dau dogo lamwonyesha alivyo.

Naye akishinda? Wenzake watamsifu, na aliyetupa karata kwa hesabu watamcheka. Hapo ndipo dhuluma ilipo. Twafanya vivyo hivyo nje ya meza: tabibu aliyechagua vema hulaumiwa mgonjwa akifa, na nahodha mzembe huitwa shujaa akifika bandarini. Matokeo mengi yakikusanywa hufichua hesabu mbovu, na kwa hiyo yana haki ya kutufunza. Tokeo moja halina haki ya kuhukumu. Amwonaye mshindi na aulize kwanza mtu huyu alijua nini alipoamua. Asiyeuliza hivyo huiona bahati, akaiita akili.