Kukubali Kupitwa

Majira ya baridi Ubelgiji, mwendesha baiskeli anayejenga pumzi huchungulia saa yake: mapigo 130 kwa dakika, yasizidi. Anapitwa kilimani na miguu ingeweza kufukuza, lakini anajizuia. Mwendo mwepesi wa muda mrefu huongeza mishipa midogo ya damu kwenye misuli. Je, huko ni kujitawala, au kutawaliwa na namba?

Namba yenyewe ni makadirio. Kanuni ya 220 kutoa umri humpa kila mwenye miaka 25 kikomo cha mapigo 195, ilhali mioyo ya watu wa rika moja inaweza kupishana kwa mapigo 10 au zaidi. Basi saa si hakimu. Inamuuliza tu: unafukuza kwa ajili ya mazoezi, au kwa kuwa unatazamwa? Anayejijibu kwa ukweli amejitawala, hata saa ikizimika.