Hali Imshukiayo Mwenye Kudhikiri

Fahamu, ewe ndugu, ya kuwa dhikiri ya tarika ya Kadiria, aliyoieneza Unguja Sheikh Uways wa Barawa, aliyefariki 1909, huwatetemesha baadhi ya watu: kifua huwaka, machozi hububujika, viungo havizuiliki. Wajinga huidhani ni daraja, hata wengine hujitetemesha kusudi. Lakini Imamu Ghazali, aliyefariki 1111, ameeleza katika Ihya ya kuwa aliyetulia huenda akawa mkamilifu kuliko anayegaagaa. Basi mwenye kudhikiri peke yake, mathalan Mwamapalala huko Usukuma, mbali na sheikh wake, ikimlemea hali na apunguze sauti, akae, anyamaze. Kunyamaza si dhambi. Akizimia, udhu wake umetenguka kwa madhehebu ya Shafii, wala hasali mpaka atawadhe upya, ingawa alizimia akilitaja Jina la Mola wake.