Ulijua, Ndiyo Maana Ukawahi

Ndugu zangu Waislamu, leo sisemi na majambazi. Nasema nanyi mnaoswali safu ya mbele, mnaofunga Jumatatu na Alhamisi, ambao simu zenu ziliita saa saba usiku kwa ujumbe wa kundi: wahini, duka fulani limekosea bei, agizeni kabla hawajashtuka. Na mkaagiza. Asubuhi mkapongezana, mkaiita riziki.

Riziki! Mnamsingizia nani?

Tuanzie mbali, maana ya jirani huwa tunayatetea. Mwezi Januari 2003, huko Singapore, tovuti ya Digilandmall ilionyesha printa ya leza ya HP kwa dola 66 za nchi ile. Bei yake halisi ilikuwa dola 3,854. Wafanyakazi walikuwa wakijifunza mfumo, namba za majaribio zikapanda hadi dukani bila mtu kujua. Marafiki sita, watu wasomi, mmoja wao wakili, wakapashana habari usiku ule. Hawakuagiza printa moja ya kuchapia barua. Kwa pamoja waliagiza 1,606. Na wapo kati yao waliotafuta kwanza mtandaoni bei yake ya kweli, wakaiona kwa macho yao, kisha wakarudi kuongeza oda.

Kulipokucha kampuni ikafuta mauzo. Wale sita wakaenda mahakamani na hoja ambazo mnazijua, kwa sababu ndizo zenu: bei waliiweka wenyewe, mfumo umetuma uthibitisho, mkataba ni mkataba. Mwaka 2004 Jaji V. K. Rajah akazitupa hoja zote. Aliona kwamba walijua fika kuna kosa, na anayejua kosa la mwenzake hawezi kulikamata na kuliita makubaliano. Wakakata rufaa, na mwaka 2005 wakashindwa tena.

Sasa mtaniuliza: sheikh, kwa hiyo ni ulaghai? Nitajibu kwa uadilifu, maana kumtwisha mtu dhambi isiyo yake nako ni dhulma. Mahakama ile haikumfunga mtu. Ilibatilisha mauzo, basi. Mama aliyeona sufuria kwa nusu bei, akadhani ni ofa ya mwisho wa mwezi, akanunua, hana kosa lolote. Maduka yenyewe ndiyo yamemzoesha bei za ajabu. Ale wali wake kwa amani. Lakini wewe uliyejua ni mtu mwingine. Surat An-Nisaa, aya ya 29, inatukataza kula mali za wenzetu kwa batili, na njia inayoachwa wazi ni biashara ya kuridhiana. Kuridhiana! Ridhaa ya muuzaji iko wapi pale alipoandika 18,500 naye moyoni na kwenye daftari ana 185,000? Sifuri moja imemponyoka kidole, nawe unaiita ridhaa? Ungekuwa na hakika kwamba ameridhia usingekimbia. Ungelala, ukanunua kesho baada ya chai.

Akikutumia mtu pesa kwenye simu kwa kukosea namba, unajua hazikuhusu, na ukizitoa haraka kwa wakala ili asiweze kuzirudisha, mtaa mzima utakuita mwizi. Dukani mtandaoni umefanya nini tofauti?

Kisha wapo waliovuka hata mpaka huo, na kwao simung'unyi maneno. Duka linatoa kuponi kwa mteja mpya, mara moja. Wewe una laini nane za simu, majina manane, na mpaka bibi yako aliyefariki amekuwa mteja mpya. Hapo hukunyamazia kosa la mtu, umesema uongo mara nane ili upewe mali. Huo ni ulaghai, na usingoje hakimu akwambie. Na hata kuponi inayotoka kwa kosa la duka lenyewe haina nafuu. Tarehe 20 Januari 2019, duka la mtandaoni la Pinduoduo huko Uchina lilikosea katika mfumo wake, kuponi za yuan 100 zikawa zinachukuliwa bila kikomo. Watu wakazichota usiku, wengi wakazigeuza vocha za simu upesi upesi, kwa kuwa vocha ikishaingia hairudi. Kampuni ikaenda polisi. Na wale waliochota, hebu niambieni: aliyepata kuponi kwa halali ana haraka gani ya kuigeuza vocha usiku wa manane?

Najua kinachokuja. Kampuni ni tajiri, haitaumia. Kwanza, haramu haipimwi kwa mfuko wa unayemdhulumu. Pili, si kweli. Tarehe 12 Desemba 2014, programu ya kupanga bei iitwayo RepricerExpress iliharibika kwa saa moja tu, kati ya saa moja na saa mbili usiku, na bidhaa za wafanyabiashara kadhaa waliokuwa wakiuza kupitia Amazon ya Uingereza zikashuka hadi peni moja. Wengi walikuwa wauzaji wadogo, familia zinazofungasha mizigo sebuleni, tena wiki mbili kabla ya Krismasi. Oda nyingi Amazon ilizifuta, lakini nyingine zilikwisha kuondoka ghalani. Wanunuzi walidhani wanaichuna Amazon. Waliyemchuna ni mtu na mkewe.

Na hapa kwetu? Dada anayeuza viatu Instagram kutoka chumba kimoja Kariakoo amechukua mkopo wa kausha damu kuleta mzigo. Kijana anayemwekea bei mtandaoni akikosea, siku ya hesabu anaambiwa ana shoti, anakatwa mshahara. Tajiri wako uliyemwona ukiwa kitandani na simu ndiye huyo kijana. Mwezi huo kodi ya chumba ataitoa wapi?

Mwingine ataniambia muuzaji ni Mchina, si Mwislamu. Subhanallah! Usiku wa Hijra Makureshi walikuwa wamepanga kumuua Mtume, rehema na amani zimshukie, na bado alimwacha Ali nyuma ili awarudishie watu wa Makka amana zao. Washirikina, wenye panga mkononi, na amana zao zilirudi. Wewe unamnyima Mchina haki ya sifuri moja?

Tazameni alivyofanya Jarir bin Abdillah, swahaba. Alinunuliwa farasi kwa dirhamu 300, muuzaji ameridhika. Jarir akamtazama farasi, akamwendea muuzaji: farasi wako ni bora kuliko bei hii, je, utauza kwa 400? Akazidi kumpandishia, mia baada ya mia, mpaka 800. Mnunuzi anampandishia muuzaji! Walipomshangaa alisema kwamba alimpa Mtume ahadi ya kumtakia mema kila Mwislamu. Simwambii mtu apandishe bei ya kiatu. Namwambia amwandikie muuzaji mstari mmoja: ndugu, naona bei hii, ni sahihi?

Na muuzaji akijua kosa lake, huenda akaridhia. Mwanzoni mwa mwaka 2019 shirika la ndege la Cathay Pacific liliuza kimakosa tiketi za daraja la juu, kutoka Vietnam hadi New York, kwa dola 675 hivi, wakati bei yake ya kawaida ni maelfu ya dola. Likagundua, likatangaza kwamba litaziheshimu tiketi zile. Hapo muuzaji amejua na ameridhia, msafiri apande ndege bila wasiwasi. Hilo ndilo tunalolitaka, ajue kisha aridhie.

Nanyi wauzaji msikae mkitabasamu. Mnaopandisha bei Jumatano ili mkate "nusu bei" Ijumaa, mnaoandika "zimebaki mbili" na ghala limejaa, Surat Al-Mutwaffifin imewataja kabla ya intaneti: wanaopokea kipimo kamili na kutoa kilichopunguzwa. Mteja mliyemfundisha kuwa bei ni mchezo, leo anacheza nanyi. Hilo halimhalalishii yeye, wala haliwasafishi nyinyi.

Basi mwenye oda ambayo haijafika, aandike usiku huu huu, kabla ya kulala. Mwenye bidhaa ndani ya nyumba amuulize muuzaji: nirudishe, niongeze, au umeniachia? Akisema nimekuachia, ni halali yako, uvae. Aliyekwisha kuuza na kula faida, istighfari peke yake haimtoshi, kwa sababu haki ya mja haifutiki mpaka umrudishie au akusamehe. Wanazuoni wamesema, mwenye mali akikosekana kabisa, itolewe sadaka kwa niaba yake. Wapo wanaoikimbilia fatwa hiyo kwa kuwa sadaka wataipanga wenyewe, shilingi mbili tatu baada ya swala ya Ijumaa. Haiwahusu. Muuzaji wako hajapotea: jina lake liko kwenye risiti, na namba uliyolipia bado imo ndani ya simu yako.